Mstari wa Chini wa Lebo

Kwa wewe uliyenikuta katikati ya safari, sogea ukae, nikupe yaliyopita kwa pumzi moja.

Mimi ni mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa. Nilipimwa sukari ikakutwa kumi na nane. Daktari akaniandikia vidonge, nami nikavigomea. Kisha akaja kiwandani yule muuza dawa za majani tunayemwita Bwana Mizizi, anataka lebo za chupa zake. Lebo nikazipanga mimi. Dawa nikainywa mimi. Sukari ikashuka hadi saba. Mara ya mwisho mliniacha nimesimama juu ya kreti la karatasi, nawatangazia wafanyakazi wenzangu kwamba nimepona.

Wengine mmeniandikia kuuliza: wewe mtu mzima, kwa nini ulivigomea vidonge?

Nitawajibu. Mimi sisahau. Mwaka ule tulipoanza kukohoa kwa moshi wa wino, kiwanda kilituletea daktari wake. Akatupanga mstari, akatuambia wote, mmoja baada ya mwingine, tupunguze sigara. Hata yule mama wa meza ya gundi, ambaye hajapata kushika sigara tangu azaliwe. "Punguza sigara, mama." Miaka kumi na tisa imepita na bado nasikia sauti ya kalamu yake.

Sasa mwaka huu nakwenda zahanati, daktari mwingine, kalamu ile ile. Hakuinua macho. "Umri? Kazi? Punguza wanga. Vidonge hivi, asubuhi na jioni. Anayefuata!"

Nilitoka pale nikavitupa kwenye pipa la nyumbani kwangu, mke wangu akishuhudia. Nikamwambia, "Kuanzia leo nimegoma." Hakusema kitu. Ningejua maana ya kile kimya chake, leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Lakini kabla sijaendelea, kuna jambo nimewaficha kwa wiki zote hizi. Nalitoa sasa, maana bila hilo hamtanielewa.

Bwana Mizizi si mwongo. Nimemsema sana humu, na wengine mmeanza kumchukia. Punguzeni. Siku alipokuja kiwandani alikuwa na kijikaratasi chenye maneno machache: uwatu, mdalasini, majani ya mlonge. Chini yake: "Husaidia wenye sukari." Basi. Hayo tu.

"Husaidia?" nikamwambia. "Hilo ni neno la mtu mwoga. Mtu akisoma 'husaidia' anaweka chupa chini, anaondoka."

"Wewe ungeandikaje?"

Nikaandika. Juu kabisa, herufi nene: AMKENI, WENYE SUKARI! Pale penye "husaidia" nikapanga "huponya". Nilipomaliza, chini ya lebo palibaki nafasi ya mstari mmoja, tupu. Katika kazi yetu nafasi tupu ni aibu, kama shati lisilo na kifungo. Fundi aliyenifundisha alikuwa akinipiga vidole kwa ajili yake. Basi nikajaza, bila kufikiri, kama mtu anavyokuna shingo: "Humzindua hata aliyezirai. Kijiko kimoja chatosha."

Bwana Mizizi akasoma, akajikuna kichwa. "Hili la kuzirai mimi sijalisema."

"Utalizoea," nikamjibu.

Haya. Sasa tuendelee.

Alhamisi umeme ulikatika saa nne asubuhi. Mashine zikanyamaza. Meneja akatuambia tukae tusubiri. Nikamkumbusha kwamba mwaka wa mvua kubwa alitukalisha hivi hivi kutwa nzima bila hata maji ya kunywa. Akasema, "Wewe nenda zako nyumbani." Mimi hupewa ruhusa upesi kuliko wenzangu wote.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Mke wangu alikuwa jikoni, ameinamia kinu chake kidogo cha viungo, anatwanga.

"Unatwanga nini?"

Akaruka. "Iliki."

"Iliki nyeupe hivyo?"

"Imekauka."

Nikainama nikanusa. Haikunuka iliki. Haikunuka kitu. Na pembeni ya kinu palikuwa na pakiti ya karatasi ya zahanati, juu yake jina langu, kwa mwandiko wa yule daktari asiyeinua macho.

"Hivi ni vidonge vyangu."

"Ulivitupa kwenye pipa. Nikaviokota."

"Tangu lini?"

"Tangu chupa ya kwanza. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Vilipokwisha nikaenda kukuchukulia vingine, nikawaambia umebanwa na kazi." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Hiyo dawa yako ya majani huwa nani anakukorogea?"

"Wewe."

"Na ulidhani nakukorogea kwa nini?"

"Nilidhani ni mapenzi."

"Ni mapenzi. Na ni vidonge."

Nikaketi juu ya ndoo. Nikawaza jinsi nilivyokwenda zahanati wiki ile kumringishia muuguzi. Alipoona saba akafurahi. "Vizuri sana! Endelea vivyo hivyo na vidonge." Nami nikacheka kimoyomoyo mpaka nje ya geti, nikisema, mnaona, watu hawa hawajui kitu. Kumbe asiyejua kitu alikuwa anatoka getini anacheka.

"Umevunja mgomo," nikamwambia mke wangu.

"Nimevunja."

"Ndani ya nyumba yangu!"

"Ndani ya kikombe chako. Mgomo gani huo wa mtu mmoja, mume wangu? Unamgomea nani? Yule daktari hata sura yako haijui. Ungekufa angesema, 'Anayefuata!'"

Nikafungua kinywa nianze hotuba. Nilikuwa nayo tayari: kuhusu usaliti, kuhusu haki ya mtu kujua kilichomo ndani ya kikombe chake. Ilikuwa nzuri. Hamtaisikia kamwe, maana mke wangu aliniwahi. Sura yake ilikuwa imebadilika ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha moto umewaka.

"Ile chupa uliyompelekea dada Jumapili."

"Imefanyaje?"

"Yeye nani anamkorogea?"

Jamani.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alipotutoka mimi nilikuwa na miaka saba na yeye kumi na tisa, akauza nguo zake nzuri akanunua cherehani, na kwa cherehani ile nikala, nikavaa, nikajifunza kusoma. Ni mjane, anaishi peke yake kwenye chumba kimoja, anashona sare za shule. Sukari anayo kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, na yake si ya vidonge. Yake ni ya sindano, asubuhi na jioni, bila kukosa.

Jumapili nilisimama katikati ya chumba chake na chupa mkononi. "Miaka kumi na miwili wanakutoboa kama kitambaa, dada! Tupa sindano! Nitazame mimi!"

Akanitazama. "Kweli umepona?"

"Kweli."

Na niliamini. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nadanganya, angenijua.

Nikampigia simu. Haikupatikana. Nikahesabu siku kwa vidole: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, leo Alhamisi.

Mke wangu alikuwa amekwisha vaa viatu. "Mimi naenda zahanati kumleta muuguzi. Wewe kimbia kwa dada. Na ukifika, nakuomba, usihutubie."

Nikachukua ile pakiti ya vidonge, nikaitia mfukoni. Sijui kwa nini. Labda kama ushahidi.

Dada hana friji. Sindano zake anazo, ila chupa za dawa yenyewe zinataka baridi, kwa hiyo huziweka kwa mwenye duka la pembeni, mama mmoja tunayemwita Mama Soda. Kila asubuhi na jioni dada huja, huchukua chupa, huirudisha. Wamefanya hivyo miaka yote. Nikaanzia hapo.

"Shikamoo, Mama Soda. Dada amepita leo kuchukua dawa?"

"Marahaba. Leo? Tangu Jumapili simwoni. Alikuja akicheka, akasema amepona, mdogo wake kamletea kitu. Akaniambia zile chupa nizitupe."

"Umezitupa?"

"Mimi? Nitupe dawa ya mtu? Mimi nina wazimu?" Akafungua friji, akasogeza soda za machungwa, akatoa chupa moja ndogo. "Hii hapa. Nilijua atarudi."

Nusura nimkumbatie. Akaifunga kwenye kitambaa chenye barafu, akanikabidhi, kisha akaniinamia kama mtu mwenye siri.

"Lakini hiyo dawa mpya ni kali, eti? Mume wangu nimemnunulia. Uani kwa dada yako wote wamenunua. Ile lebo imesimama, jamani! Mtu ukisoma unasikia damu inachemka. Kaiandika nani?"

Nimesimama mbele ya mameneja watatu tofauti nikawaambia machoni mwao kwamba ni wanyonyaji. Nimekataa kutia sahihi karatasi ambazo wanaume wazima walitia huku wanalia. Sikuwahi kukana neno langu hata moja.

"Sijui," nikamwambia Mama Soda.

Kutoka duka lile hadi uani kwa dada ni hatua mia moja. Nilizikimbia. Na kabla sijafika mlangoni nikaisikia cherehani: tara-tara-tara, tara-tara-tara. Sauti niliyolala nayo utotoni. Moyo ukatua. Anashona! Yuko salama! Nikapunguza mwendo, nikajifuta jasho, hata nikaanza kutabasamu.

"Karibu, daktari," dada akasema bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nipe maji hayo."

Nikampa kikombe. Akakimaliza. Akaomba kingine, akakimaliza. Jagi lilikuwa tupu, na ndoo ya pembeni ilikuwa karibu tupu. Nilipoinama kuchota, pumzi yake ikanipiga: tamu, tamu isiyo nzuri, kama matunda yaliyosahauliwa kapuni. Nikatazama shati aliloshika. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshonewa kwenye kola.

Dada yangu. Anayeweza kutia uzi kwenye sindano huku akimgombeza mtu aliye dirishani.

"Dada, acha kushona. Huko sawa."

"Dawa inafanya kazi. Mwanzo lazima usikie uzito kidogo, mwili unajisafisha."

"Kakwambia nani?"

"Nimejiambia mwenyewe. Kwani wewe tu ndiye unayejua kusema?"

Nikapiga magoti kando ya cherehani. Nikamwambia yote. Kinu, vidonge, kikombe, iliki nyeupe. Niliongea harakaharaka, maneno yanakwaruzana. Nilipomaliza, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Wamekupa nini huko zahanati?"

"Dada!"

"Wamekununua. Na wewe ulivyo na mdomo, wamekununua rahisi."

"Wallahi ni mke wangu! Muulize!"

"Sikiliza, mdogo wangu. Ulipokuwa na miaka minane uliniambia hukulamba sukari ya wageni, na punje zilikuwa zimekukaa kidevuni. Macho yako nayajua. Yakidanganya yanarukaruka. Jumapili yalitulia kama maji ya mtungi. Leo yanaruka."

"Jumapili nilisema uongo nikidhani ni kweli! Leo nasema kweli na naona aibu!"

"Mimi naona yanaruka tu."

Akanyosha mkono kwenye meza ya cherehani, akaipapasa chupa mara mbili kabla ya kuishika, kama mtu aliye gizani. Ilikuwa saa sita mchana. Akanisogezea lebo usoni.

"Nani kaandika haya?"

Nikaangalia pedali ya cherehani.

"Mimi nimekufundisha kusoma kwa vipande vya magazeti ya kufungia vitambaa. Nikasoma 'Amkeni, wenye sukari,' nikasema, huyu ni yule mtoto wangu mwenye kelele. Nani mwingine angewaamsha wagonjwa kama wanakwenda kuandamana? Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi kama umeandika wewe, na umekunywa wewe, na umepona wewe, mimi nimegoma. Kama ulivyonifundisha."

Nikaona nimeshindwa. Miaka yote hii natafuta mtu wa kunielewa vizuri kuhusu mgomo, na nimempata yeye, leo.

Akapumua kwa nguvu, kwa kina, kama aliyepanda ngazi. Akanitazama kwa jicho la zamani, lile la kunihurumia nikiwa na homa.

"Vidonge unavyo hapo?"

"Ninavyo."

"Meza kimoja. Hapa, mbele yangu, bila majani. Ukimeza wewe, nitajua si mchezo, nami nitadunga."

Nikatoa pakiti. Nikatoa kidonge, nikakiweka kiganjani. Kidogo, cheupe, hakina hata harufu.

Nimewaahidi kweli, basi pokeeni hii nayo. Nilisita. Dada yangu anapumua kama mvukuto wa mhunzi, nami nakitazama kile kidonge na kumwona yule daktari asiyeinua macho. Namwona na yule wa zamani, wa sigara. Nawaona wote wawili wanacheka: mnaona, amemeza. Nilikuwa nimekwisha vimeza vingi bila kujua, lakini kumeza kwa kujua, kwa mkono wangu mwenyewe, kulinishinda. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Dakika moja? Tatu? Cherehani ilikuwa imenyamaza, na mimi nabishana na watu wasiokuwepo.

Nikameza.

Dada akatabasamu. "Haya. Lete hiyo chupa." Akainuka, akaegemea meza, akanyosha mkono rafuni kwenye kopo la vifungo, humo ndimo anamoweka sindano zake. "Mimi huwa navuta..."

Kopo likaanguka. Vifungo vikatawanyika sakafuni, vyeupe na vya buluu, vikibingirika mpaka chini ya kitanda. Naye akafuata, taratibu, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba.

Nikamdaka kabla kichwa hakijagonga sakafu.

"Unavuta ngapi, dada? Dada! Unavuta ngapi?"

Hakujibu. Chupa ninayo, sindano ninayo, na mtu pekee anayejua kipimo amelala mikononi mwangu macho nusu wazi.

Nikapiga kelele. Kupiga kelele najua. Uani wote ukaja: mama mwenye nyumba, wapangaji wawili, Mama Soda ameacha duka wazi, na mbele yao wote fundi viatu wa chumba cha pili, mtu mwema, mtu wa msaada, amewahi kumbeba dada mgongoni hadi zahanati wakati wa mafuriko. Akatazama, akaona chupa ya Bwana Mizizi juu ya cherehani. Akainyakua.

"Imeandikwa hapa!" akasema. "Mimi ninayo kama hii, nimeisoma yote!" Akaweka kidole chini kabisa ya lebo, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama msomaji mzuri: "Humzindua hata aliyezirai. Kijiko kimoja chatosha."

"Kijiko!" mama mwenye nyumba akaita. "Lete kijiko!"

Kijiko kikaja upesi. Mambo mabaya huwa hayakosi kijiko.

"Usimpe!" nikasema. "Amezirai, atapaliwa! Muuguzi yuko njiani!"

"Mpaka afike?" mama mwenye nyumba akasema. "Wewe si ndiye uliyepona kwa hii hii?"

"Hayo maneno ni uongo!"

Fundi viatu akanitazama, kijiko kimejaa, mkono wake hautetemeki. Hakuwa na ubishi. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kufanya jambo sawasawa.

"Unajuaje?"

Mama Soda alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama, yule niliyemwambia sijui nani kaiandika. Mbali huko, upande wa barabara, nikasikia sauti ya mke wangu ikiwaambia watu wampishe njia.

Nikafungua kinywa. Nimesema juu ya makreti, juu ya meza, juu ya rundo la karatasi lililokuwa linayumba, na maneno hayajapata kunikimbia hadi siku hii. Fundi viatu hakuningoja. Alikuwa amekwisha piga goti kati ya vifungo, ameufungua mdomo wa dada kwa kidole gumba, na kijiko kimeanza kuinama.